Maktaba yetu ya video Mwanjelwa inafungwa: nilipie filamu za mtandaoni au ninunue deki nyingine?

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Naomba ushauri wa jambo ambalo kwa wengine linaweza kuonekana dogo, lakini nyumbani kwangu limekuwa mjadala wa wiki tatu sasa. Maktaba ya video ambayo nimekuwa nikikodi filamu tangu mwaka 2006, pale Mwanjelwa, inafungwa mwisho wa mwezi huu. Mwenye duka, ambaye wateja tumezoea kumwita Mama Maktaba, ameniambia kuwa kodi ya pango imepanda, wateja wa kukodi hawafiki kumi kwa wiki, na vijana wengi wanaoingia wanataka kujaziwa flashi tu, kazi ambayo yeye hakuipenda tangu mwanzo. Anauza kila kilichopo kwenye rafu, na kwa kuwa mimi ni mteja wake wa siku nyingi amenipa nafasi ya kuchagua kabla ya wengine.

Kwangu tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 74, aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu baada ya baba kufariki. Watoto wanataka nilipie huduma ya filamu mtandaoni kila mwezi, kwa sababu wanasema humo kuna kila kitu na hakuna haja ya kupanda daladala kufuata filamu moja. Sina ubishi mkubwa nao. Tatizo langu ni mama. Mama hawezi kufuata maandishi yanayopita chini ya picha, na hata yangekuwa ya Kiswahili, yanapita upesi kuliko macho yake. Filamu anazozifurahia ni za Kihindi na za Kichina zilizosimuliwa kwa Kiswahili, zile ambazo msimulizi anaingia katikati ya mazungumzo, anakueleza huyu ni shemeji wa yule, na anakuonya kwamba mzee mwenye kilemba si mtu mwema. Mama Maktaba anamfahamu vizuri. Akipata filamu ya namna hiyo huiweka pembeni kwenye bahasha ya kaki aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, "Bibi wa Uyole", na mimi nikitoka kazini siku ya Ijumaa naichukua bila hata kuuliza ina nini.

Deki yetu nayo imezeeka. Trei yake haifungi mpaka uisukume kwa kidole. Kwa hiyo naomba mnisaidie kufikiri. Je, nilipie huduma ya mtandaoni na nisahau mambo ya diski? Au ninunue deki nyingine pamoja na sehemu ya filamu za Mama Maktaba kabla hazijatawanyika? Na kwa familia ya kipato cha kawaida, gharama halisi ya kutazama mtandaoni ni ipi? Nyumbani hatuna intaneti ya waya. Tunatumia bando la simu.

Fundi Mitandao, Mafiati

Ndugu yangu wa Uyole, nitajibu swali la gharama peke yake, kwa kuwa ndilo lililo karibu na kazi yangu, na kwa kuwa watu wengi hulikosea kwa namna ile ile: wanaangalia malipo ya mwezi ya huduma yenyewe, wanaona yanabebeka, halafu wanasahau kwamba filamu inafika nyumbani kwa kupitia bando, na bando ndilo linalokula mfuko.

Chukua mfano wa Netflix, kwa sababu wao wenyewe wameweka viwango vyao wazi kwa wateja. Ukichagua matumizi ya chini kabisa, saa moja hula hadi GB 0.3, ukichagua ya kati ni hadi GB 0.7, na picha ya ubora wa juu, ile ambayo televisheni kubwa huidai, hufika GB 3 kwa saa. Sasa tuseme familia yako inatazama saa mbili kila usiku. Kwa mwezi ni saa 60. Kwa kiwango cha chini utatumia GB 18, kwa kiwango cha kati GB 42, na kwa ubora wa juu GB 180. Piga hesabu hiyo kwa bei ya bando unalonunua wewe na utapata jibu lako kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu. Ninapoitwa nyumbani kwa mtu anayelalamika kuwa bando la mwezi limeisha ndani ya siku nne, mara nyingi nakuta hakuna mtu aliyemwibia. Huduma ilijichagulia ubora wa juu kwa sababu mtandao wa usiku ule ulikuwa na nguvu, na hakuna aliyeingia kwenye mipangilio kuizuia.

Kuna jambo la pili ambalo wenye watoto wadogo hulilipia bila kujua. Diski moja ya DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na ukishaileta nyumbani unaweza kuizungusha mara mia bila kulipa tena. Mtoto wa miaka mitano hatazami katuni mara moja; huitazama mpaka ajue kila neno. Mtandaoni, kila anaporudia katuni ile ile, data inashuka upya kama vile ni filamu mpya. Dawa yake ni kupakua kwanza na kutazama baadaye, lakini filamu iliyopakuliwa kwa njia halali hubaki ndani ya programu ya huduma hiyo, kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha hufungwa. Huwezi kuihamishia kwenye flashi ukampelekea ndugu yako Tukuyu.

Kama waya wa intaneti isiyo na kikomo umefika mtaani kwako, majirani wawili mkiuchangia, hesabu yote hii inabadilika na mimi mwenyewe ningekwambia lipia. Lakini kwa bando la simu, weka kiwango cha chini, tumia skrini ndogo, na usiitupe deki. Ongeza pia kwamba njia yetu ya kutoka nje ya nchi hupita baharini. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi nzima ilikaa na intaneti dhaifu, na simu zilizonipata siku ile zote zilikuwa za watu waliodhani ruta zao zimeungua.

Mzee wa Kanda, Iringa

Kamwene, mwanangu wa Uyole, na pole kwa kufungiwa duka. Nimesoma habari ya bahasha ya kaki nikanyamaza kwa muda, kwa sababu na mimi nilikuwa na bahasha za namna hiyo.

Niliendesha maktaba ya video hapa Iringa, karibu na Miyomboni, tangu enzi za kanda mpaka mwaka 2013. Vijana wanaosema kuwa maduka yetu yameuliwa na intaneti wanakosea, na ningependa hilo lieleweke, kwa kuwa ukikosea chanzo cha kifo utakosea pia katika kuamua cha kufanya sasa. Intaneti imefika kwenye mazishi. Haikuwepo wakati wa ugonjwa.

Tulipoanza, Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na hata hapo mawimbi hayakufika huku milimani kwa miaka kadhaa. Mtu aliyenunua televisheni na deki ya kanda aliinunua kwa ajili ya video peke yake, na maktaba ndiyo ilikuwa kituo chake. Kanda ya E-180 ilibeba dakika 180, na filamu nyingi za Kihindi zilijaa humo mpaka ukingoni, kiasi kwamba mtu akirekodi kwa uzembe wimbo wa mwisho ulikatika na mteja alirudi kesho yake akidai hela. Kanda zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zilikuwa za mfumo wa NTSC, wakati deki zetu nyingi zilikuwa za PAL, hivyo picha ilitoka bila rangi au ilipanda juu na kushuka kama maji ya mto. Mteja aliacha dhamana au kitambulisho, jina lake likaandikwa kwenye daftari, na asiporudisha kanda nyuma mpaka mwanzo alitozwa faini ndogo. Msimu wa mvua ndio ulikuwa adui yetu mkubwa. Ukungu mweupe uliota kwenye ukanda wenyewe, na kanda moja yenye ukungu ikiingia kwenye deki ilichafua kichwa cha kusomea, kisha kichwa hicho kikaharibu kila kanda iliyofuata. Nilikuwa nafungua kanda kwa bisibisi, nazungusha ukanda kwa mkono taratibu, na kuufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye tone la spiriti. Kanda moja ilinichukua jioni nzima. Wenzangu wa Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, walipoteza rafu nzima.

Kisha zikaja VCD. Filamu moja ikawa diski mbili, ya Kihindi ikawa tatu, lakini hazikuota ukungu na tukashangilia. DVD zilipofuata tulishangilia zaidi, na hapo ndipo shimo letu lilipoanza kuchimbwa, kwa sababu hazikupita siku nyingi zikaingia sokoni diski za magendo zenye filamu nane, kumi na mbili, hata ishirini, zilizobanwa ndani ya diski moja na kuuzwa kwa bei ambayo mimi nilitoza kwa kukodisha filamu mbili. Nani angekodi? Mteja alinunua, alitazama, na diski ilipokwaruzika aliitupa. Baadaye televisheni zikaja na tundu la flashi, kijana mwenye kompyuta moja na meza chini ya mwavuli akawa maktaba, na mimi niliyekuwa nalipa pango, leseni na mtu wa kunisaidia nikabaki na rafu.

Sasa nije kwa mama yako, ambaye kwangu ndiye swali lenyewe. Filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili hazikuwa bidhaa ya pembeni. Kwa wazee na kwa watoto wasiojua kusoma ndizo zilizokuwa filamu zenyewe. Watu wa rika langu wakisikia sauti ya Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, hawaulizi filamu ni ya nchi gani. Alisimulia kama mtu aliyekaa nawe kwenye mkeka. Kazi zile zilirekodiwa juu ya kanda na diski, zikagawanywa kutoka duka hadi duka, na hakuna anayeziweka kwenye hizo huduma za kimataifa. Diski ya namna hiyo ikivunjika huko Mwanjelwa, huenda ndiyo iliyokuwa imebaki Mbeya nzima.

Kwa hiyo nenda wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Usichague kwa kutazama picha ya jalada. Geuza kila diski kwenye mwanga wa dirisha: mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina madhara makubwa, lakini ile inayozunguka kufuata mduara hukwamisha picha. Kisha tazama upande wenye maandishi, maana tabaka la kumbukumbu la CD liko huko juu, na likibanduka hakuna fundi wa kulirudisha. Kwa DVD tabaka hilo liko katikati ya plastiki, hivyo zinavumilia kidogo. Na mwombe Mama Maktaba daftari lake. Humo kuna kila filamu ambayo mama yako amewahi kuichukua tangu alipohamia kwenu.

Kijana wa Kihesa

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa historia hiyo ambayo wengi wetu hatukuikuta. Naomba nipingane nawe kidogo, kwa heshima zote.

Maktaba hazitarudi, na sidhani kama ni haki kumfanya mtu mwenye familia ajenge nyumbani kwake kile ambacho soko zima limekiacha. Hata Marekani, ambako Blockbuster, kampuni ya kukodisha video, ilianza mwaka 1985 kule Dallas na kufikia maduka yapatayo 9,000 mwaka 2004, kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2010, na leo limebaki duka moja katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Kama wenye mtaji ule walishindwa, Mama Maktaba wa Mwanjelwa hana kosa lolote.

Hata hivyo, nilipokuwa nafuatilia jambo hili nilikutana na kitu kilichonishangaza, na nakiri kinaupa nguvu upande wako. Netflix yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa kupeleka DVD kwa posta, ikaanza kuonyesha filamu mtandaoni mwaka 2007, ikaingia Tanzania Januari 2016 pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 kwa siku moja, lakini iliendelea kutuma diski kwa Wamarekani mpaka tarehe 29 Septemba 2023. Sababu moja ni kwamba kwa sheria ya kwao mtu aliyenunua diski halali anaweza kuikodisha bila kuomba ruhusa upya, wakati filamu ya mtandaoni inahitaji mkataba na mwenye haki, na mkataba huo una mwisho. Ndiyo maana filamu uliyoitazama Machi huikuti Agosti. Hakuna aliyeifuta, mkataba umeisha.

Kwa hiyo wanaosema kwamba mtandaoni kuna kila kitu wanasema kisicho kweli, na pengine watoto wako wakilijua hilo mjadala utakuwa mwepesi. Lakini bado ningelipia. Mtoto wa kidato cha nne anayetazama filamu za uchunguzi wa sayansi, zenye maandishi ya Kiingereza chini, anapata kitu ambacho rafu ya Mwanjelwa haikuwahi kuwa nacho.

Mwalimu, Makete

Naongeza machache. Huku kwetu mtandao wa simu ukiwa mzuri ni baada ya saa sita usiku, na ukungu ukishuka hata huo hatuuamini. Shuleni tuna televisheni moja, jenereta, na flashi mbili ambazo mtu yeyote anayekwenda Njombe au Makambako hukabidhiwa pamoja na orodha ya vitu vya dukani. Wanafunzi wa bweni hutazama filamu moja Jumamosi usiku wakiwa wamejifunika mablanketi, maana Juni na Julai baridi huku haina mchezo. Kwa hali hiyo, swali la kulipia huduma ya mtandaoni halijanifikia bado. Lakini nilikuwa na hamu ya kujua kama Mama Maktaba ana filamu za Kitanzania za zamani ambazo hazina matusi wala mambo ya aibu, kwa sababu kwenye flashi tunapokea chochote alichotuwekea kijana wa mjini, na mara mbili nimelazimika kuzima televisheni mbele ya watoto 90.

Mwandishi wa Miswada, Iringa

Nimesoma michango yote kwa makini na naona upande mmoja haujasemwa. Mimi ni miongoni mwa wale ambao majina yao hupita mwishoni mwa filamu wakati watazamaji wameshasimama. Nimeandika miswada ya filamu saba za Kiswahili, nyingi tulizipiga hapa Iringa na Mafinga, na ninaomba mniruhusu niseme kwa uchungu kidogo.

Filamu zetu za miaka ile ziliuzwa kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa malipo ya mara moja, haki zote zikaondoka na hundi. Zilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili ziuzwe diski mbili, na mtazamaji alilalamika kwamba tunavuta hadithi bila sababu, wakati sisi waandishi tuliambiwa tuivute. Diski halali moja ikifika Mbeya ilikodishwa mara mia mbili. Ikija flashi, ilirudufiwa mara elfu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kurudufu, ya kukodisha nakala za filamu na hata ya kuitafsiri ni ya mwenye kazi. Mzee wangu wa Kanda, nakuheshimu sana, na najua ulilipa leseni ya biashara. Lakini leseni ya kufungua duka na ruhusa ya mwenye filamu ni vitu viwili, na kati ya maduka yote yaliyokodisha kazi zangu hakuna hata moja lililowahi kunitafuta.

Siandiki haya ili kumzuia ndugu yetu asimnunulie mama yake filamu. Namwomba achague zile diski halali, zenye jalada lililochapishwa kiwandani na stempu ya kodi, maana kuanzia mwaka 2013 kazi za filamu na muziki zilitakiwa kuwa nayo. Na watoto wake wakitaka filamu za Kitanzania mtandaoni, wazitazame kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe au kwenye chaneli iliyozinunua. Filamu ninayoifanyia kazi sasa tunaitoa vipande vipande mtandaoni, kila wiki dakika 25, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii naona kwa macho yangu ni watu wangapi wametazama na wameachia dakika ya ngapi. Dakika hiyo wanayoachia hunifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Mzee wa Kanda, Iringa

Dada yangu mwandishi, umesema kweli na sina la kujitetea nalo. Daftari langu lilikuwa na safu ya jina la mteja, safu ya filamu, safu ya dhamana na safu ya tarehe ya kurudisha. Safu ya mwenye filamu haikuwepo, na wala hakuna siku niliyofikiri kuichora.

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, ndaga fijo, yaani asanteni sana. Naona ni adabu kurudi na kueleza tulikofikia.

Kwanza tulifanya jaribio. Binti yangu alilipia huduma ya mtandaoni kwa mwezi mmoja kwa fedha zake za likizo, tukaweka kiwango cha chini kama Fundi alivyoelekeza, na kwa siku tisa tulitumia GB 5 na ushee, hivyo hesabu yake imesimama. Watoto wamefurahi, na mimi mwenyewe nimetazama filamu mbili za Kiafrika ambazo sikujua kama zipo. Usiku wa tatu tulimkaribisha mama. Tulimchagulia filamu ya Kihindi yenye picha safi kuliko zote alizowahi kuona, alikaa kwa dakika kumi na tano hivi akiwa ameshika kikombe cha chai mikononi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona huyu wa leo hasemi?" Sikumwelewa mpaka mke wangu aliponieleza kwamba anamngoja msimulizi.

Jumamosi nilikwenda Mwanjelwa. Mama Maktaba alinipa kigoda na tukageuza diski moja moja dirishani, mikwaruzo ya kunyooka upande huu na ya kuzunguka upande ule. Nilimweleza pia hoja ya dada mwandishi, akanyamaza, halafu akanyanyuka na kuleta boksi la filamu za Kitanzania ambazo bado zina stempu, akasema hizo alizinunua kwa msambazaji mwenyewe na hakuwahi kuzirudufu. Nimechukua kumi na tisa za humo. Mwalimu wa Makete, saba kati yake nimezitazama mwanzo hadi mwisho na hazina neno la kukufanya uzime televisheni. Zitakufikia kwa basi, nitumie tu ujumbe wa faragha uniambie ushukie wapi mzigo. Zilizosimuliwa nimepata thelathini na moja. Katika hizo sina jibu zuri la kumpa mwandishi, kwa kuwa hakuna mahali popote ninapoweza kuzinunua kwa njia iliyo safi zaidi, na mama yangu ana miaka 74.

Deki nimepata iliyotumika, pale pale dukani, kwa shilingi 25,000 pamoja na rimoti. Huduma ya mtandaoni tutaendelea nayo kwa kuchangia na jirani, maana tumeambiwa nguzo za waya zimefika barabara ya juu na wanapima kushuka kwetu.

Daftari nimelipata pia. Ni la jalada gumu, kurasa zake zimelainika kwa kushikwa, na jina la mama limeandikwa kwa kalamu nyekundu tangu mwezi alipohamia. Filamu moja ameikodi mara kumi na nne. Nimeitafuta katika zile thelathini na moja na haimo. Mama Maktaba anasema ilikwenda na mteja wa Chunya mwaka 2017 na haikurudi. Jina lake kwenye daftari ni "Mama wa kambo, Kihindi, Lufufu", bila jina halisi la filamu. Kama kuna mwanajukwaa yeyote kuanzia Tunduma hadi Mafinga aliye nayo au anayeijua, namwomba aniandikie hapa hapa.